Kang Teng-ke, 1944–2019: Mbunge Aliyefia Kando ya Bwawa la Bata

Marehemu Mheshimiwa Kang Teng-ke alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 hapa Tingliao, katika nyumba hii ambayo leo mmeketi uani kwake. Alikuwa mtoto wa tatu, na mvulana pekee, wa Bwana Kang Shui-mu, mfuga bata, na mkewe. Mimi Pi-hsia nilimfuata, nikawa kitinda mimba. Wanawe walitaka wasifu huu usomwe na mwombolezaji wa kukodi, yule wa mjini anayetambaa na kipaza sauti huku analia. Nilimpigia simu. Aliponiambia kwamba kilio cha nusu saa kina bei yake na cha saa nzima kina bei yake, nikamwambia asijisumbue. Nitasoma mwenyewe, tena kwa macho makavu, maana marehemu hakupenda kitu chochote kinachochelewesha chakula.

Siku aliyozaliwa king'ora cha ndege za vita kililia mama akiwa katika uchungu. Bata mia mbili wakakimbilia ndani, na mkunga akalazimika kuwatoa kwanza ndipo ampokee mtoto. Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo sababu Teng-ke hakuweza kamwe kupata usingizi penye utulivu. Bungeni, kama mtakavyosikia, alilala vizuri kabisa.

Alianza Shule ya Msingi mwezi Septemba 1951. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba siku zile mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao cha mbao shingoni, na hakukivua mpaka apatikane mkosaji mwingine wa kukivaa. Wenzake waliona aibu, wengine walilia. Marehemu aliona biashara. Aliyevikwa kibao alimletea kiazi kitamu kimoja, naye akasema neno moja la nyumbani kwa sauti ya kusikika, akakipokea kibao, akakaa nacho hadi jioni bila shida yoyote. Mwaka wa tatu alikuwa mtoto mnene kuliko wote darasani. Kiranja wa darasa, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wakosaji, alishangaa kuona jina moja mara arobaini na sita kwa muhula. Akachunguza, akagundua, akapeleka habari kwa mwalimu mkuu. Kiranja huyo ni Mwalimu Hsueh Tien-pao, aliyekuja kuwafundisha ninyi nyote kwa miaka thelathini na mitano, na ambaye ameketi pale mbele, kiti cha pili. Ugomvi wao ulianza siku hiyo ya mwaka 1953, na haukupumzika mpaka Jumapili ya tarehe 17 mwezi uliopita.

Marehemu alimaliza shule ya sekondari ya kilimo mwaka 1963, akatumikia jeshi miaka miwili, na mwaka 1966 akaajiriwa kuwa karani wa chama cha umwagiliaji. Hapo, alivyosema mwenyewe, ndipo alipojifunza siasa yote: kila mtu anataka maji, hakuna anayetaka mfereji upite shambani kwake.

Tarehe 12 Novemba 1969 alimwoa Bi Tsou Yueh-o, binti wa mwuza nyavu. Bwana harusi alitoa hotuba ya dakika hamsini. Supu ikapoa, baba mkwe akasinzia, na bibi harusi akala sahani mbili za samaki peke yake. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakumvuta mumewe shati akae chini, wifi yangu alijibu, "Nilitaka nijue anaweza kuongea muda gani kabla hajaniona mimi. Nikapata jibu, nikala." Ndoa yao ilidumu miaka hamsini na siku tano.

Mwaka 1982 marehemu alichaguliwa kuwa diwani, na Desemba 1998 akaingia Bungeni, akakaa huko vipindi vitatu. Wengi mliomfahamu mlimfahamu kwa mazishi. Alihudhuria manne kwa siku, mwezi wa baridi hata sita. Alikuwa na suti nyeusi tatu na dereva mmoja aliyejua njia zote za makaburini. Mwaka 2001, kwa haraka ya kampeni, aliingia turubai lisilo lake. Akainama mara tatu mbele ya jeneza, akashika kipaza sauti, akamsifu marehemu wa pale kwa dakika nane kwamba alikuwa mama mpole aliyewalea wanawe kwa jasho la cherehani. Aliyekuwa amelala mle alikuwa dereva wa lori, mwenye ndevu, asiye na mtoto. Familia ilimwacha mpaka akamaliza. Mdogo wa marehemu yule akamsindikiza hadi kwenye gari, akamwambia, "Mheshimiwa, hakuna aliyewahi kumsifu kaka yetu hivyo. Hata kama si yeye." Familia ile ilimpigia kura mpaka mwisho.

Kuhusu kazi yake Bungeni sitasema uongo mbele ya jeneza. Alishiriki katika ugomvi wa mwaka 2002 ambapo alijifunga kwa tai yake kwenye meza ya Spika ili muswada usisomwe, akakaa hivyo kwa muda wa saa tisa, na alipotaka kwenda haja akakuta hajui kufungua fundo alilolifunga mwenyewe. Mwaka 2004 alilishtaki gazeti moja lililoandika kwamba hulala wakati wa vikao. Gazeti likaleta picha kumi na nne. Wakili wake, Bwana Yu, alieleza mahakama kwamba mteja wake alikuwa anatafakari bajeti. Jaji akauliza kama kukoroma ni sehemu ya kutafakari. Kesi hiyo tulishindwa.

Sasa nafika kwenye mawe. Najua mnayasubiri, kuna watu hapa wameanza kujisogeza kwenye viti.

Baada ya kimbunga cha Julai 2005 serikali ilileta pwani yetu mawe ya zege ya kuvunja mawimbi, yale yenye miguu minne, kila moja zito kuliko malori mawili yaliyojaa. Aprili 2006 Mwalimu Hsueh, aliyekuwa amestaafu na hana tena majina ya kuandika, alikuwa akipita kwa baiskeli nyuma ya nyumba hii. Akaona ukingo wa bwawa la bata umezungushiwa mawe ya serikali. Akayahesabu: kumi na mawili. Akaandika barua. Tarehe 9 Julai 2007 marehemu alishtakiwa kwa kujipatia mali ya umma.

Marehemu alisema hajui yalivyofika. Waandishi walipomuuliza kama anadhani mawe yale yalitembea, akasema kimbunga kilikuwa kikali sana.

Mwaka ule ulikuwa wa kampeni, na mji uligawanyika nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo tarehe 6 Januari 2008, siku sita kabla ya kura, marehemu alitangaza kwamba ataapa mbele ya Mungu wa Mji, anayehukumu viapo, kwa kukata kichwa cha jogoo, kama walivyofanya watu wa zamani walipokuwa hawaaminiani na hakuna karatasi ya kutosha. Walikuja watu elfu mbili na wauza soseji wote wa wilaya. Marehemu alisimama mbele ya hekalu, jogoo mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni, "Kama nina mawe kumi na mawili ya serikali nyumbani kwangu, mungu asinipe kufia nyumbani kwangu."

Hakuna hapa asiyejua kiapo hicho kina uzito gani. Mtu akizidiwa hospitali, nduguze humkimbiza nyumbani akiwa bado na pumzi moja, ili iishie katika ukumbi wa mababu zake. Anayefia njiani hata jeneza lake hugombaniwa kama liingie mlangoni au lisiingie. Kaka yangu aliweka mezani kitu pekee ambacho watu wangekubali kuwa ni dhamana.

Kisha akapiga kisu. Wifi yangu alikuwa amekificha kile kikali kwa kuogopa atajikata vidole, akampa kile cha kumenyea muwa. Jogoo akapoteza nusu ya upanga wa kichwani, akaruka, akapita juu ya uvumba, akatokomea. Mwalimu Hsueh akapaza sauti kutoka nyuma, "Kiapo hakijatimia. Jogoo yuko hai."

"Mwalimu, aliyeapa ni mimi, si jogoo," akajibu marehemu.

Mtunza hekalu akalazimika kumuuliza mungu mwenyewe kama kiapo kinahesabika. Akarusha vile vibao viwili vya kuulizia miungu mara tatu, na mara zote tatu kimoja kikalala chali na kimoja kifudifudi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mungu wa Mji alikikubali kiapo. Wapiga kura mia tatu na kumi na mmoja zaidi ya wenzao hawakukikubali, na marehemu akatoka Bungeni.

Kesi iliendelea miaka kumi na miwili. Mahakama ya wilaya ilimtia hatiani, ya rufaa ikamwachia, ya juu ikairudisha ya rufaa, ya rufaa ikamtia hatiani, ya juu ikairudisha tena, na kadhalika mpaka majaji wawili wakastaafu na mmoja akaoa tena. Utetezi wa Wakili Yu ulikuwa mmoja tu, na kwa maoni yangu ya mtu wa biashara ulikuwa mzuri: bwawa si sehemu ya nyumba. Mahali yanapokaa maji ya mto ni ardhi ya serikali, kwa hiyo mali ya serikali iko juu ya ardhi ya serikali, na kosa liko wapi? Mwalimu Hsueh alitoa ushahidi mara saba kupinga hilo. Alipima hatua thelathini na nne kutoka mlango wa jikoni. Alionyesha kamba ya kuanikia nguo inayoanzia dirisha la chumba cha kulala na kuishia kwenye mti ulio bwawani. Alisema bata hulala bwawani na kula jikoni, na kwamba hakuna bata mwenye nyumba mbili. Bwawa, alisema mara zote saba, ni nyumbani.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tarehe 2 Novemba mwaka huu, marehemu alipokwenda Taipei kwenye chakula cha wabunge wastaafu, akaanguka alipokuwa anapinga mpangilio wa viti. Moyo. Hospitali ilifanya iliyoweza. Asubuhi ya tarehe 6 daktari alituita, mimi na wifi na mwanawe Chih-yuan, akasema kama tunataka afike nyumbani akiwa hai tumchukue leo hii.

Wifi yangu hakulia. Alinishika mkono akasema, "Pi-hsia, akifia njiani watasema mungu amehukumu. Wajukuu wangu wataitwa wajukuu wa mwizi wa mawe mpaka wazeeke. Nami nimekaa na mume miaka hamsini, sitaki kugundua leo kwamba niliolewa na mwizi."

"Hatafia njiani," nikamwambia. Nilianza maisha na kikapu kimoja cha mayai ya bata ya chumvi, nikatembeza mlango kwa mlango. Najua jinsi ya kusafirisha kitu kinachoweza kuvunjika.

Dereva wa gari la wagonjwa alisema Tingliao ni mwendo wa saa tatu. Nikamwambia saa tatu ni za mgonjwa wa kawaida, huyu anahitaji mbili na nusu.

"Mama, na polisi wa barabarani?"

"Polisi wa njia hiyo, kaka yangu amewazikia baba zao. Wewe washa king'ora."

Tulifika saa tisa na dakika hamsini alasiri. Getini alikuwa ameketi Mwalimu Hsueh kwenye kigoda, na chupa ya chai miguuni, tangu saa sita. Hakusalimia. Alisimama akauliza, "Anapumua?"

"Njoo umpime mwenyewe, Mwalimu. Usije ukasema baadaye hukuona."

Akapanda ndani ya gari, akavua miwani yake, akaiweka mbele ya pua ya kaka yangu chini ya mirija ya hewa. Kioo kikafanya ukungu. Akaitazama, akaitoa nje kwenye mwanga akaitazama tena. "Anapumua," akasema, akaandika saa kwenye daftari lake.

Tulimlaza ukumbini, miguu ikielekea mlangoni. Saa kumi na dakika ishirini Daktari Fang wa zahanati yetu alitoa mirija hiyo. Sote tukapiga magoti, wajukuu wakaanza kulia, mtawa wa hekaluni akaanza kusoma sala. Ikapita dakika moja, zikapita tano. Dakika ya tisa marehemu alifumbua macho, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Mbona mmepiga magoti wote? Uchaguzi ni lini?"

Aliishi siku kumi na moja nyingine. Mtawa alirudi kwake, na nusu ya watu waliokuwa wameleta maua waliyaacha ili wasilete tena. Wifi yangu aliweka sheria moja tu: asitoke ukumbini. Kitanda, bakuli la uji, ndoo, televisheni, vyote viliingizwa humo. Tarehe 12 walitimiza miaka hamsini ya ndoa, akala tambi ndefu za kuombea umri, akatoa hotuba. Mwalimu Hsueh alikuja kila siku na sataranji yake. Alisema anakuja kuhakikisha tu kwamba mgonjwa hahamishwi kinyemela akiwa ameshakufa. Walicheza michezo ishirini na mitatu, na kila mmoja alimtuhumu mwenzake kusogeza farasi.

Alasiri moja, tukiwa wawili, nilimuuliza. Sikutaka kumzika mtu ambaye sijui nimzike kama nani.

"Kaka, mawe yale nani aliyaleta?"

"Wenye kreni."

"Nani aliwaambia?"

"Niliwaambia kwamba pale nyuma mawimbi yalipita mpaka jikoni, na bata wa mama walikufa mia na kumi. Sikuwaambia leteni."

"Na walipoleta, uliwazuia?"

"Sikuwepo. Nilikuwa mazishini."

Hilo ndilo jibu lake, nami nimelileta kwenu kama nilivyolipokea, bila kuongeza wala kupunguza. Kila mtu apime mwenyewe.

Jumapili tarehe 17 Novemba kulipambazuka jua zuri. Marehemu alisema amechoka kuangalia dari, anataka kuwaona bata.

"Na ukifia huko?" akauliza wifi yangu.

"Sifi leo, Yueh-o. Jumapili ofisi zote zimefungwa."

Walibishana saa nzima. Mwishowe wifi alitazama ile mikono iliyobaki mifupa, akasema, "Dakika kumi. Chih-yuan, msukume, na usimwache aongee sana." Tukampeleka kwa kitimwendo mpaka ukingoni, chini ya ile kamba ya nguo. Mwalimu Hsueh akatufuata, na daftari.

Bata walikuja wote. Marehemu akawatazama, kisha akamtazama Mwalimu aliyekuwa amekalia jiwe moja la serikali.

"Tien-pao, umekalia mali ya umma."

"Na wewe umeifuga miaka kumi na mitatu."

"Mahakama haijasema."

"Mahakama imesema mara saba."

"Imesema vitu saba tofauti," marehemu akasema, "kwa hiyo haijasema." Akacheka, akaegemeza kichwa nyuma. Tulisubiri aendelee, maana haikuwa kawaida yake kuishia hapo. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Chih-yuan ndiye aliyefahamu kwanza. Akashika vishikio vya kitimwendo ili ampeleke mbio ndani, na wifi yangu akasema kwa sauti ndogo, "Haraka, mwingize, mwingize." Ni hatua thelathini na nne. Mwalimu Hsueh akainuka. Hakuzuia njia, alisema tu, "Nimeona." Chih-yuan akasimama. Kisha sote tukawa tunamtazama kaka yangu, na kaka yangu hakuwa na la kusema, jambo ambalo lilituchanganya zaidi kuliko kifo chenyewe.

Daktari Fang alifika baada ya robo saa, na fomu yake. Jina, aliandika. Saa, aliandika. Akafika kwenye mahali pa kifo, akainua kalamu. "Niandike amefia wapi?"

Chih-yuan alikuwa ameshampigia Wakili Yu, na simu ilikuwa wazi, sote tukimsikia. "Msiseme nyumbani," wakili alisema. "Nawaomba. Tumeiambia mahakama miaka kumi na miwili kwamba bwawa si nyumbani. Mkiandika nyumbani, mmekiri."

"Tusipoandika nyumbani," akasema wifi yangu, "kiapo kimemshika."

Nikaichukua simu. "Wakili, aliyekufa anafungwa?"

"Hapana, shangazi. Kesi inafutwa mshtakiwa akifa."

"Basi tukikiri tunapoteza nini?"

"Mawe. Serikali itayadai."

"Mawe tu?"

"Mawe tu."

Katika maisha yangu nimeuza mayai kwa watu wagumu, na sijawahi kuona bei rahisi kama hiyo. Nikakata simu, nikamgeukia Mwalimu Hsueh. "Mwalimu, mahakamani ulisema bwawa hili ni nini?"

Alikuwa bado ameshika daftari. Nikaona amefahamu ninakompeleka, maana alikuwa mwalimu, hakuwa mjinga. Akisema bwawa ni nje, atakuwa ameapa uongo mara saba. Akisema ni nyumbani, basi Kang Teng-ke amepewa na mungu kile alichokiweka rehani, mbele ya shahidi ambaye mji wote unajua hawezi kumpendelea.

"Mwalimu," akasema Daktari Fang, "kalamu inakauka."

Mwalimu alitazama ile kamba ya nguo, akawatazama bata, akamtazama kaka yangu. "Nilisema mara saba kwamba ni nyumbani," akasema. "Sibadilishi ya nane. Andika, daktari. Amefia nyumbani."

Wifi yangu akakaa chini palepale kwenye nyasi, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Taipei.

"Na mawe?" Mwalimu akaniuliza.

"Yachukueni. Tukikubali bwawa ni letu, hatuwezi kusema mawe yaliyomo hatuyajui."

"Yote?"

"Hesabu mwenyewe."

Akazunguka bwawa polepole, akigusa kila jiwe kwa kidole. Alipofika upande wa pili akainama, akapangua magugu ya maji kwa fimbo, akakaa ameinama hivyo muda mrefu. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka magotini.

"Ni kumi na matatu," akasema.

"Mashtaka yanasema kumi na mawili."

"Nilikosea." Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo, na waliosoma kwake watanishuhudia. Akatoa kalamu, akakata namba aliyoiandika mwaka 2006, akaandika nyingine juu yake, akatia sahihi pembeni.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "kaka alipoapa kwamba hana mawe kumi na mawili nyumbani kwake, alisema kweli."

Mwalimu Hsueh alifunga daftari. "Bi Pi-hsia," akasema, "nimemjua mtu huyu miaka sitini na sita. Naomba usiniambie alikuwa ameyahesabu."

Barua ya mahakama iliyofuta kesi ilifika Ijumaa iliyopita, kurasa mbili, haisemi alikuwa mwizi wala haisemi hakuwa. Cheti cha kifo kinasema alifia nyumbani. Familia imechagua kukiamini cheti, na kwa sababu hiyo inatangaza rasmi kwamba kreni ya serikali itakuja Jumatatu tarehe 9 Desemba saa mbili asubuhi kuchukua mawe yote kumi na matatu. Wenye magari barabara ya nyuma wayaondoe mapema. Bata watajengewa ukingo wa mianzi, na kimbunga kikija tutahangaika kama majirani wengine.

Marehemu ameacha mjane, Bi Tsou Yueh-o, mtoto wa kiume, Kang Chih-yuan, na mkewe, binti, Kang Ya-chun, na mumewe, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Dada zetu wawili walimtangulia. Mwalimu Hsueh Tien-pao si ndugu na amekataa kuandikwa hapa. Alikubali kusahihisha tahajia tu, akakuta makosa manne, na alipofika kwenye jina la marehemu alilisoma mara mbili, akaliacha kama lilivyo.

Kaka, umefika nyumbani. Pumzika humo kwa amani.